Mama anafunga mlango wageni wakija

*Shangazi, nina miaka 27, naishi Ngamiani, Tanga. Miaka miwili iliyopita nilipata ajali ya basi nikaumia uti wa mgongo, na tangu hapo natumia kitimwendo. Nilikuwa fundi cherehani. Mama ananilea kama mtoto mchanga, na wageni wakija anafunga mlango wa chumba changu. Shoga yangu anaolewa wiki tatu zijazo. Mama kasema siendi, watu watanishangaa. Na mimi mwenyewe naogopa: vidato viwili vya mlangoni kwetu, choo cha huko, macho ya watu. Niende, au nimsikilize mama?*

Mwanangu wa Ngamiani,

Nenda. Nakujibu hilo mwanzo kabisa kwa sababu wiki tatu si nyingi na kuna mambo ya kutayarisha.

Ila kwanza mama yako. Mdogo wangu wa kiume alipata polio akiwa na miaka minne. Chumba chake kilikuwa cha uani, na mgeni akipiga hodi mimi ndiye niliyekwenda kuufunga ule mlango. Nilijiambia namkinga. Siku moja akaniomba nimpeleke uwanjani, timu ya mtaa ilikuwa inacheza fainali. Nikamwambia asubiri jua lipungue. Alisubiri mpaka kelele za ushindi zikamfikia humo humo chumbani. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa hiyo mama yako namjua. Mzazi aliyekesha wodini hajui kama mwanawe ataamka, akirudi naye nyumbani humshika asimwachie tena. Lakini anakuumiza, na wa kumwambia ni wewe, kwa adabu, usiku mkishakula na nyumba imetulia. Usimwombe ruhusa, umeshakuwa mtu mzima. Mwombe msaada. Mwambie: mama, nataka tutengeneze pale mlangoni.

Futi ya ushonaji bila shaka unayo. Pima vile vidato kutoka chini hadi juu. Kwa kila sentimita 1 ya kimo unahitaji sentimita 12 za mteremko, ili uweze kujisukuma mwenyewe bila kubinuka. Tuseme kila kidato kina sentimita 15: viwili ni 30, basi mteremko uwe na urefu wa mita 3 na sentimita 60. Ni mrefu, najua, na fundi atataka kuufupisha ili kuokoa saruji. Msimkubalie. Kama uwanja hautoshi, ukate kona, na penye kona paachwe tambarare ili upumzike. Kwa sasa hata mbao nene zilizopigiliwa vizuri zitakutoa nje, mtu akiwa nyuma yako.

Choo. Wengi wakitoka huacha kunywa maji tangu asubuhi ili wasihangaike. Usifanye hivyo, mkojo ukilala kwenye kibofu unaleta maambukizi. Kama unatumia mpira wa mkojo, fuata saa ulizopangiwa hospitali, jisafishe kabla ya kutoka, na beba mwingine safi kwenye mkoba pamoja na sabuni. Mpigie shoga yako leo, apime upana wa mlango wa choo cha kwao, na wewe upime upana wa kitimwendo chako, kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa jingine. Kikiwa hakipiti, mkubaliane mapema chumba gani utajisitiri. Shoga wa kweli hataona taabu.

Kuhusu usafiri, bajaji ina kiti cha chini na kitimwendo kinachokunjika huwekwa nyuma. Jizoeze kujihamisha kutoka kitini hadi kitandani bila kubebwa, kila siku, mama akiwa kasimama pembeni tu, kwani kuingia kwenye bajaji ni mchezo ule ule. Na ukifika, usikubali kuteremshwa mkekani ukae saa tatu kwa ajili ya heshima. Ngozi isiyohisi haikuambii kwamba inaumia. Baki kwenye mto wako, na kila nusu saa jiinue kwa mikono au egemea huku na huku dakika moja au mbili. Usiku jikague kwa kioo, makalio na visigino. Kidonda cha kukaa kinaweza kukulaza miezi, na hicho ndicho mama anachopaswa kukiogopa, si midomo ya majirani.

Macho ya watu? Watakushangaa, sikudanganyi. Wapo watakaomuuliza mama yako "anaendeleaje" ilhali umekaa mbele yao. Jibu wewe, kwa sauti. Taarabu ikipigwa na wimbo ukakugusa, jisukume mwenyewe mpaka mbele ukatunze.

Sasa cherehani, jambo ambalo umelitaja kwa neno moja tu halafu ukaliacha, nami sikubali uliache. Miguu haiendeshi, lakini cherehani ikifungwa mota, kile kikanyagio chake hakijali kinabonyezwa na nini. Kiweke mezani, kibonyeze kwa kiwiko, mikono yote miwili ibaki kwenye kitambaa. Siku za kwanza mshono utakwenda upande. Meza iwe na nafasi ya kutosha magoti yako kuingia chini.

Mtaji nao una njia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, nenda wewe mwenyewe, usimtume mama. Na ukipenda ajira kiwandani, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Wengi hawaitimizi, lakini si vibaya kumuuliza mtu kuhusu sheria inayomhusu.

Vitambaa vya sare mmeshagawiwa? Chukua cha kwako na cha mama, uvishone wewe. Cha kwako ukipunguze upindo, dera refu hunasa kwenye magurudumu.

Shangazi