Jibu: Nageuza maandishi ya Kiyi (ya Wayi wa China) kuwa Kilatini, nikate majina ya herufi?

Mkuu, simamisha hiyo skripti (programu yako fupi) sasa hivi. Nimesoma mpaka pale uliposema utachukua majina ya Yunikodi (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba na jina) kuanzia namba A000 hadi A48C, ukate "YI SYLLABLE" ya mbele, kinachobaki kiwe matamshi. Nikaishia hapo hapo. Njia hiyo ndiyo iliyonivua nguo nikiwa Chengdu.

Angalia A015. Jina lake rasmi ni YI SYLLABLE WU. Hakuna wu hapo! Ile ni alama ya kurudia, yaani silabi iliyotangulia isomwe tena. Ni kama ile 2 ya kwenye meseji, "pole2", "sawa2". Sasa chukua mtu asome "pole mbili" hadithi nzima ya Wanuosu, yaani Wayi wa Liangshan, China. Huyo mtu ni mimi. Mwenye kazi alisoma ukurasa mmoja akaniuliza mbwa wameingia lini kwenye hadithi, maana kila mahali ni wu, wu.

Hapo bado ningepona. Nikaenda kuuliza kwa jamaa mmoja wa kikundi cha programu, ana maneno kama dalali wa viwanja. Akaniambia, "Hizo wu ni takataka, zifute zote." Nikazifuta. Nikahifadhi juu ya faili lile lile, nakala ya akiba sina. (Cheka tu, nimeshazoea.)

Kumbe Kinuosu, lugha ya hadithi ile, huuliza swali la ndiyo au hapana kwa kurudia silabi ya kitenzi. Ukifuta alama ile, "umekula?" inabaki "umekula". Wahusika wangu wote wakaacha kuulizana, kila mtu anatoa taarifa kama msoma habari. Nilikaa wiki tatu na kitabu cha karatasi nikirudishia alama moja moja, na malipo yakaliwa na muda. Yule dalali hata pole hakunipa, wala pole2.

Kinachoniuma ni kwamba ningehesabu tu ningeshtuka. Ishara za msingi ni 819, zenye kitao (upinde mdogo) cha toni juu ni 345, jumla silabi 1,164. Yunikodi ina herufi 1,165. Ile moja iliyozidi ndiyo hiyo. Na usingoje warekebishe: Kiyi kiliingia toleo la 3.0 mwaka 1999, na jina likishatoka halibadilishwi hata likiwa na kosa. Wameliwekea lakabu (jina la pili) ya masahihisho tu, YI SYLLABLE ITERATION MARK, iko kwenye faili la Yunikodi liitwalo NameAliases. Hata kundi lake la Yunikodi ni tofauti: silabi zote ni Lo (herufi za kawaida), yenyewe ni Lm (herufi ya kurekebisha nyingine).

Kwa hiyo jina la herufi USILIAMINI. Soma kundi, soma lakabu, ndipo ukate unachokata. Skripti ikikuta A015, irudie silabi iliyoitangulia.

Fonti (mwandiko wa kuonyesha herufi) tumia Nuosu SIL. Uliuliza na nini kingine vile? Acha kwanza, nakili faili lako pembeni, kisha tafuta A015 uniambie umezikuta ngapi.