Soma Ukiwa Kizimbani: Ngano, Siasa na Filamu kwa Jicho la Kishetani

Uchambuzi mwingi unaojiita wa Kishetani huyumba mapema kwa sababu mwandishi hajaamua anamzungumzia Shetani yupi. Katika kitabu cha Ayubu, Shetani ni mwendesha mashtaka: anahudhuria mbele za Mungu, anatoa hoja yake, na hagusi chochote mpaka apewe ruhusa. Katika Paradise Lost, utenzi wa John Milton wa mwaka 1667, ni mwasi mwenye ulimi mtamu na kiburi cha kifalme. Katika ngano za wakulima wa Ulaya ni fundi wa mawe na mtu wa mikataba, tena mara nyingi ndiye anayepunjwa. Ukiwachanganya wote watatu katika sentensi moja, hoja yako haitasimama.

Wanaojiita Washetani katika zama zetu nao si kundi moja. Church of Satan ilianzishwa na Anton LaVey mjini San Francisco mwaka 1966. Haiamini kwamba Shetani yupo kama kiumbe, inamtukuza mtu binafsi, na mambo ya siasa inamwachia kila mwanachama aamue mwenyewe. Temple of Set, waliojitenga nayo mwaka 1975, wao wanamwamini Set, mungu wa Misri ya kale, kuwa nafsi halisi. The Satanic Temple, yenye makao Salem, Massachusetts, ilijitokeza hadharani mwaka 2013. Nayo haiamini miungu wala mashetani, ina kanuni saba, na uwanja wake ni mahakama na kumbi za serikali. Church of Satan haiwatambui hawa wa Salem kuwa Washetani hata kidogo. Kwa hiyo kuandika "Washetani wanasema" ni uvivu. Taja nani anasema. Kosa linalojirudia ni kumbebesha LaVey, aliyefariki mwaka 1997, kesi zilizofunguliwa miaka mingi baadaye na watu wasio na uhusiano wowote na kanisa lake.

Si lazima uwe mfuasi wa yeyote kati yao ili utumie jicho hili. Kinachohitajika ni kuhamia upande wa pili wa chumba cha mahakama na kuuliza: hati hii ya mashtaka imeandikwa na nani, na mshitakiwa angeulizwa angesema nini? Chukua karatasi, igawe safu tatu: shtaka, ushahidi, anayefaidika. Ngano, hotuba ya mwanasiasa na filamu zote hupita katika safu hizo hizo. Safu ya katikati ndiyo itakayobaki na nafasi tupu nyingi, na nafasi hizo usizijaze kwa kubahatisha.

Tuanze na ngano, maana huko ndiko Shetani anakoonekana tofauti kabisa na sifa zake. Katika bonde la Schöllenen, nchini Uswisi, kuna daraja liitwalo Teufelsbrücke, Daraja la Ibilisi. Ngano yake inasema watu wa jimbo la Uri walishindwa kuvusha daraja juu ya mto Reuss, Ibilisi akajitolea kulijenga kwa malipo ya nafsi ya kwanza itakayovuka. Daraja likakamilika, na wenyeji wakavusha mbuzi. Ibilisi kwa hasira akabeba jiwe kubwa alivunje, njiani akakutana na bibi kizee, bibi akalichora msalaba, na jiwe likamshinda kubeba. Jiwe lenyewe lipo karibu na Göschenen, lina uzito wa tani 220 hivi, na mwaka 1977 lilisogezwa mita 127 kupisha barabara ya handaki la Gotthard.

Sasa jaza safu zako. Nani alifanya kazi? Ibilisi. Nani alitimiza sehemu yake ya mkataba? Ibilisi. Nani alibaki na daraja bila kulipa? Wanakijiji. Msimulizi anataka uwashangilie wanakijiji, na pengine utawashangilia, ila uchambuzi wako una kazi ya kusema wazi kwamba ngano hii inahalalisha kumdhulumu fundi kwa sababu tu ya jina lake. Mkondo huo huo uko katika ngano ya mkulima na Ibilisi wanaogawana mavuno: mwaka wa kwanza Ibilisi anachagua kilicho juu ya ardhi, mkulima anapanda viazi au tanipu; mwaka wa pili Ibilisi anajihami kwa kuchagua kilicho chini, mkulima anapanda ngano. Anapunjwa mara mbili, na hadhira inacheka.

Usifanye kazi hii kwa toleo moja. Wataalamu wa ngano hutumia orodha ya kimataifa ya Aarne, Thompson na Uther, inayoandikwa kwa herufi ATU na namba: kafara ya darajani ni ATU 1191, kugawana mavuno ni ATU 1030, mhunzi na Ibilisi, yaani mhunzi anayeingia mkataba na Ibilisi kisha akamnasa kwa hila, ni ATU 330. Tafuta kwa namba, si kwa jina, kwa sababu jina hubadilika kila kijiji. Kusanya angalau matoleo matatu, kisha pigia mstari kinachobadilika: hapa mbuzi, kule mbwa, kwingine paka au jogoo. Kisichobadilika ndicho uti wa mgongo wa ngano, na hapo ndipo pa kuchimba. Tahadhari moja juu ya umri wa hizi ngano. Mwaka 2016 Sara Graça da Silva na Jamshid Tehrani walitumia ukoo wa lugha kupendekeza kwamba ngano ya mhunzi huenda ilisimuliwa tangu Zama za Shaba. Ni hoja nzuri, lakini ni makadirio yanayotegemea mbinu yao, kwa hiyo usiandike kana kwamba kuna mtu amefukua kanda ya sauti.

Na usipindue kila kitu kichwa chini. Kumgeuza Ibilisi wa ngano kuwa mtakatifu ni ushabiki, na msomaji makini huunusa upesi. Bado alitaka nafsi ya mtu. Mhunzi naye, kwa ujanja wake wote, katika matoleo mengi hufungiwa mlango wa mbinguni na wa kuzimu pia.

Lipo kundi jingine la simulizi ambalo halichekeshi, na hili ndilo mchambuzi anapaswa kulijua kama kiganja chake. Ni simulizi la kikundi cha siri kinachoua watoto. Viungo vyake havibadiliki: watu wanaokutana usiku, mtoto asiye na hatia, damu, chumba kisichoonekana, na majirani wanaojifanya wema. Minucius Felix, mwandishi Mkristo wa zama za Dola ya Roma, ananukuu shtaka walilotupiwa Wakristo wenyewe: kwamba mtoto mchanga hufunikwa unga, mwanachama mpya akaambiwa apige, kisha wote wakanywa damu. Karne nyingi baadaye shtaka limehamia kwa Wayahudi: Norwich, Uingereza, baada ya kifo cha kijana William mwaka 1144, na Trento, Italia, mwaka 1475, ambako Wayahudi waliteswa mpaka wakakiri na kisha wakauawa. Halafu likawaangukia walioitwa wachawi. Mwaka 1980 kilitoka kitabu Michelle Remembers, kilichodai kueleza mateso ya mtoto mikononi mwa waabudu Shetani, na miaka mitatu baadaye ikaanza kesi ya shule ya chekechea ya McMartin huko California. Ilidumu hadi 1990, ikagharimu takriban dola milioni 15, na haikumtia hatiani mtu hata mmoja. Mnamo 1992 Kenneth Lanning wa FBI aliandika ripoti kwamba ushahidi wa mtandao wa kuua watu kwa ibada haukupatikana. Desemba 2016 mtu mwenye bunduki aliingia katika mgahawa wa piza mjini Washington kuokoa watoto waliodaiwa kufichwa chini ya jengo na wanasiasa. Jengo halina chumba cha chini.

Simulizi la namna hii likirudi katika siasa za leo, na halikauki, kuna mambo manne ya kukagua kabla hujaandika neno. Kwanza, je, kuna mtoto aliyeripotiwa kupotea, mwenye jina na tarehe? Mashtaka ya kweli huwa na mtu; ya kubuni huwa na "watoto". Pili, mahali penyewe papo? Katika McMartin walitafuta mahandaki chini ya shule kama vile yule wa 2016 alivyotafuta chumba cha chini. Tatu, ushuhuda ulipatikanaje? Mateso hutoa maneno yanayofanana na maswali ya mtesaji. Kumhoji mtoto mara nyingi kwa maswali yenye jibu ndani yake hutoa matokeo hayo hayo bila kumgusa. Ukiona mashahidi kumi wanatumia viungo vile vile kwa mpangilio ule ule, usihesabu mashahidi kumi. Tafuta chanzo kimoja. Nne ni safu ya tatu ya karatasi yako: nani anapata kura, michango au wafuasi.

Hapa pana shimo ambalo wachambuzi wengi hutumbukia. Wakishathibitisha kwamba hakuna ibada ya damu, huandika kana kwamba hakuna mtoto anayedhulumiwa. Watoto wanadhulumiwa, na mara nyingi na watu wanaowajua na kuwaamini. Simulizi la kikundi cha usiku lina madhara hayo pia, linayaondoa macho ya watu nyumbani na kuyaelekeza msituni.

Upande wa pili wa siasa ni kesi za mahakamani, ambako The Satanic Temple huonekana sana. Hoja yake ya kawaida ni moja: serikali ikifungulia dini moja uwanja wa umma, iwafungulie wote. Ushauri wetu ni kusoma hukumu yenyewe, maana vichwa vya habari hudanganya pande zote mbili. Mfano ni Oklahoma. Mnara wa Amri Kumi uliwekwa kwenye viwanja vya bunge la jimbo mwaka 2012, Temple ikaomba kuweka sanamu yake ya Baphomet, kiumbe mwenye kichwa cha mbuzi, na mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo ikaamuru mnara uondolewe. Wengi huandika kwamba Washetani walishinda kesi. Hawakuwa wao waliofungua; mlalamikaji aliyeongoza alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na uamuzi ulisimama juu ya katiba ya jimbo lenyewe. Sanamu ya shaba, yenye urefu wa mita 2.6 hivi, ilizinduliwa Detroit Julai mwaka huo.

Boston inafundisha jambo jingine. Jiji lilikuwa limeruhusu maombi 284 ya kupandisha bendera kabla ya kuikataa moja ya Kikristo. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 9 kwa 0, ikasema jiji limekosea. Temple ikaomba bendera yake nayo ipande, na jiji likabadilisha kanuni ili mlingoti uwe wa kauli za serikali tu. Ndiyo maana usiandike "haki sawa" pasipo kutaja njia ya pili ya kuitimiza, yaani kufunga mlango kwa wote. Na wanashindwa pia: kesi yao dhidi ya jiji la Scottsdale, Arizona, kuhusu kuongoza dua kwenye kikao cha halmashauri, ilianguka mwaka 2020 kwa kuwa hawakuthibitisha kwamba walikataliwa kwa sababu ya imani yao.

Kwenye filamu, tazama mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili andika dakika ya kila shtaka linapotamkwa na dakika ya kila ushahidi unapoonyeshwa. Umbali kati ya hizo mbili ndio unaoonyesha msimamo wa filamu.

Alama zitakusaidia kupima kama watengenezaji walifanya kazi yao. Mbuzi mwenye mabawa, matiti, mwenge kati ya pembe na mkono mmoja juu mwingine chini ni mchoro wa Éliphas Lévi wa miaka ya 1850, hivyo ukiuona ukutani katika hadithi ya karne ya 17, mtu alilala. Kichwa cha mbuzi ndani ya nyota ya pembe tano iliyopinduliwa kilichapishwa na Stanislas de Guaita mwaka 1897. Msalaba uliopinduliwa ni wa Mtume Petro katika mapokeo ya Kanisa, usiuhesabu haraka. Watoto wawili wanaomtazama Baphomet hawamo kwa Lévi. Ni wa sanamu ya Temple, na ndiyo sababu mwaka 2018 iliweza kuwashtaki watengenezaji wa tamthilia ya Chilling Adventures of Sabrina kwa kunakili. Wakamalizana nje ya mahakama.

Jambo zito zaidi ni picha ya dhambi ni ya nani. Katika Häxan ya Benjamin Christensen, 1922, karamu ya wachawi unaiona baada ya bibi kizee kuteswa, ikiwa ndiyo maungamo yake. Kamera inaonyesha kile mtesaji alitaka kusikia. Katika The Witch ya Robert Eggers, mtoto mchanga anaibwa na kuuawa kweli, mbele ya macho yako, bila mtu kuteswa. Temple iliiunga mkono filamu hiyo kwa hamasa, ikiona ndani yake msichana anayeondoka kwenye nyumba inayomnyonga. Ni usomaji halali. Lakini filamu hiyo hiyo inathibitisha shtaka la zamani kuliko yote, na mchambuzi anayesifu mwisho wake akakaa kimya juu ya yule mtoto hajamaliza kazi.

Ukitazama Häxan, taja toleo. Lile la 1968 lenye sauti ya William S. Burroughs limepunguzwa hadi dakika 77 hivi na kuwekewa muziki wa jazi, kwa hiyo dakika ulizoandika hazitalingana na za mtu aliyetazama toleo refu.