Wamenikatalia hifadhi: nifanye nini sasa?

Barua zenu kuhusu kunyimwa hifadhi ya ukimbizi hapa Kenya ni nyingi. Hizi nne zimebeba maswali ya wengi wenu.

Nilitoka Kivu Kusini. Barua ya kukataliwa inasema maelezo yangu yanapingana: fomu ya usajili inaonyesha niliingia Mei, kwenye mahojiano nikasema Machi. Wenzangu wananishauri ningoje simu ya UN. Ningoje? (Kayole)

Usingoje, ndugu yangu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inakupa siku 30 tangu ujulishwe uamuzi wa Kamishna wa Wakimbizi ili ukate rufaa kwenye Kamati ya Rufaa. Kungojea simu hakusimamishi hesabu hiyo. Andika leo tarehe uliyopokea barua, na bahasha usiitupe.

Kisha shika kalamu ujibu barua yenyewe. Wengi hujaza kurasa kwa habari za vita, na sababu waliyokataliwa hawaigusi kabisa. Wewe umekataliwa kwa ajili ya Machi na Mei, basi anza hapo. Nakili sentensi yao neno kwa neno, halafu eleza: uliingia Machi kupitia Busia, ukakaa kwa nani, na kama Mei ndipo ulipojisajili, sema hivyo waziwazi. Nani alijaza fomu ile? Ulisomewa kabla ya kutia sahihi, na kwa lugha unayoielewa? Kama aliyekupokea Kayole yupo, aape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo (wakili anayeruhusiwa kushuhudia viapo), aseme alikupokea lini. Karatasi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi. Lakini iwe kweli tupu. Shahidi wa kupangwa atakuharibia hata yale ya kweli uliyosema.

Rufaa ikiendelea, polisi wakinikamata Eastleigh watanirudisha kwetu? (Dada wa Eastleigh)

Pole, dada, hofu hiyo naijua kwenu. Sheria inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini, na Kenya imefungwa pia na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Tembea na nakala ya rufaa yenye muhuri wa kupokelewa, ile halisi ibaki nyumbani. Mpe jirani unayemwamini namba ya wakili wako. Ukikamatwa, sema mapema kwamba una rufaa, na uombe maneno hayo yaandikwe.

Kuna mtu anataka shilingi elfu thelathini "anisukumie faili". (Kitengela)

Usimpe hata shilingi. Kuomba hifadhi ni bure. Anayekula pesa ya mtu aliyekimbia na watoto mgongoni anaiba, basi. Nenda Kituo Cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya, ambao huwasaidia wakimbizi kisheria bila malipo. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili msaada wa serikali.

Kamati nayo imenikataa. Mahakama itanisikiliza, au nijisajili upya kwa jina lingine? (Baba wa watoto watatu, Kasarani)

Jina lingine hapana, mzee wangu. Alama zako za vidole zimo kwenye mtambo, na siku zitakapofanana hutaaminiwa tena.

Mahakama Kuu iko wazi kwako. Ila usiende ukitarajia kusimulia upya kila kitu. Jaji ataangalia zaidi kama sheria ilifuatwa: ulipewa nafasi ya kujieleza, ulipata mkalimani, ushahidi wako ulipimwa, sababu ziliandikwa? Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa haki, pamoja na sababu kwa maandishi. Mahakama hii imeshasimama na wakimbizi: mwaka 2013 ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na 2017 ikazuia kufungwa kwa kambi ya Dadaab.

Huku nako muda ni mfupi, kwa hiyo mwone wakili wiki hii hii. Mbebee barua zote mbili za kukataliwa, rufaa uliyoipeleka kwenye Kamati, na kumbukumbu za mahojiano kama unazo. Kama huna, mwambie aziombe kabla ya kuandika lolote.