Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: maswali yenu

Ni kilomita ngapi hasa? Programu moja ya simu inasema 175, nyingine 94.

Zote zimesema kweli. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi wa Bukoba, ukipiga mstari ulionyooka kuelekea kaskazini-magharibi, ni kama kilomita 175. Hiyo 94 ni maili za anga wanazotumia marubani, na kila moja ni mita 1,852.

Shikamoo. Ndege ikienda kilomita 500 kwa saa, hizo ni dakika 21 tu. Mbona nimeambiwa 45?

Marahaba. Hesabu yako inaifaa ndege iliyokwisha kupanda na kushika mwendo wake. Katika safari fupi kama hii, ATR, ndege ya abiria yenye injini mbili za pangaboi, hutumia sehemu kubwa ya njia ikipanda au ikishuka, na wakati huo mwendo ni mdogo. Tena muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na kuisha inaposimama upande wa pili. Kusubiri ruhusa ya kuruka na kuzunguka ili itue ikikabili upepo, vyote vimo humo. Ukipanda Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ambayo mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, tofauti ni dakika chache tu.

Barabarani je?

Ni zaidi ya kilomita 400, kwa sababu unalizunguka ziwa kupitia Geita, Biharamulo na Muleba. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea adha ya kusubiri kivuko. Mzunguko wenyewe uko palepale.

Asubuhi moja tulizuiwa Mwanza tukiambiwa hali ya hewa ni mbaya, na jua lilikuwa linawaka! Tulidanganywa?

Sidhani. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani. Unapokutana katikati, hewa hupanda na kujenga mawingu mazito ya radi, ambayo mara nyingi hudumu mpaka asubuhi. Upepo wa mashariki huyasukuma upande wa Kagera, ndiyo maana Bukoba hunyeshewa kuliko miji mingi ya nchi hii. Na uwanja wake uko ukingoni kabisa mwa ziwa, njia yake ya kutulia si ndefu, na rubani anahitaji kuiona vizuri. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilianguka majini ikikaribia kutua hapo, hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu 19 walifariki. Rubani akikataa kuondoka, au akigeuza kurudi Mwanza, naomba tumshukuru.

Nampeleka mama kliniki Muhimbili. Tunatua Mwanza saa nne asubuhi, ndege ya Dar ni saa tano. Tutawahi?

Msijaribu, hasa kama tiketi mmekata mbalimbali. Mkichelewa Bukoba, kampuni ya pili haiwajibiki kuwasubiri. Kateni tiketi moja inayofika hadi Dar, au chukueni ndege ya jioni, na mfike siku moja kabla ya kliniki. Kama mama hawezi ngazi, semeni siku ileile ya kukata tiketi, maana ndege ndogo hupandwa kwa ngazi na wahudumu wanahitaji kujiandaa.