Klezmer Kraków: weka uma chini, usikilize

Tangu nilipoutaja hapa Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi mjini Kraków, Polandi, na klezmer, muziki wao unaopigwa huko, barua hazikatiki. Nimechagua hizi.

*Shikamoo mama. Nasoma Leipzig, mwezi ujao nakwenda Kraków. Klezmer niisikilize mgahawani au ukumbini?*

Marahaba mwanangu. Ukumbini. Migahawa ya barabara ya Szeroka inakuuzia chakula cha jioni pamoja na wapigaji watatu: fidla, akodiani na besi. Wapigaji mara nyingi ni hodari. Balaa ni sisi walaji. Vijiko vinagonga sahani, mhudumu anauliza nani aliagiza bata, na huyu hapa amempa mpiga fidla mgongo ili ajipige picha. Muziki huu ni wa harusi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Ulimliza bi harusi, kisha ukawachezesha wageni mpaka miguu iwaume. Kusindikiza supu haikuwa kazi yake. Ukiweza, nenda mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, wakati wa Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi lililoanza 1988. Na kabla ya safari mtafute mpiga klarineti Naftule Brandwein: santuri zake za miaka ya 1920 zinakwaruza, lakini ile klarineti inacheka na kulia kwa pumzi moja.

*Huu ni muziki wa kanisani kwao?*

Wayahudi wana sinagogi, si kanisa, na klezmer si ya sinagogi. Nimeshajibu hili mara nne. Someni kwanza, ndipo muandike.

*Mimi ni mtu wa taarab, Unguja. Nitaambulia kitu? Na kutunza kupo?*

Utaambulia kuliko hao wa Leipzig. Ngazi yao ya sauti wanayoiita freygish ni ndugu wa hijazi, ile maqamu ya Kiarabu mnayoipiga kwenye taarab. Sikio lako litaitambua kabla hujakaa vizuri. Ukibahatika kuona ala yao iitwayo tsimbl, utadhani ni kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ila nyuzi zake hupigwa kwa vijiti viwili. Kutunza kulikuwepo pia: zamani wageni harusini waliwalipa wapigaji kwa kila ngoma waliyoiomba. Leo hela weka kwenye kikapu au kasha la fidla. Usimbandike mtu noti kwenye paji la uso, tafadhali.

*Euro zinapokelewa?*

Polandi wanatumia złoty. Hata kwenye kikapu.

*Nimesikia wapigaji wengi wa Kraków si Wayahudi. Si utapeli huo?*

Kabla ya vita Wayahudi wa Kraków walizidi 60,000, karibu robo ya mji. Mwaka 1941 Wanazi waliwafungia ng'ambo ya mto, Podgórze. Kufikia Machi 1943 geto lilikuwa limemalizwa, na watu wake wengi wakauawa. Sasa ulitaka nani apige? Muziki ulibaki kwa waliohamia Marekani, ukafufuliwa huko miaka ya 1970, ndipo vijana wa Kipolandi wakajifunza. Anayejifunza kwa heshima simwiti tapeli. Ukitaka kukasirika, kasirikia zile picha na sanamu za Myahudi anayehesabu sarafu, zinazouzwa eti zinaleta bahati. Usininunulie. Nililetewa moja kama zawadi, ikaishia jalalani.

*Makofi tunapiga wakati gani?*

Kwenye freylekhs, ngoma ya furaha, piga mpaka uchoke. Kwenye doina, wimbo wa majonzi, mikono mapajani. Doina haina mdundo: wenzake wanashikilia sauti moja chini, klarineti inatangatanga juu peke yake, na katikati ya noti inakatika kama mtu aliyepaliwa na kwikwi. Mara yangu ya kwanza nilijitia mjuzi, nikaanza kupiga makofi nikiutafuta mdundo. Bibi mmoja wa pembeni, ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja, alivishika viganja vyangu vyote viwili akavibana kwenye mapaja yake. Hakuviachia mpaka akodiani ilipoingia na ngoma ikachanganya. Hapo akanirushia mikono yangu hewani, akawa wa kwanza kusimama.