Ukimaliza Riwaya, Usiseme "Inafundisha"

Ukimuuliza mtu riwaya aliyotoka kuisoma ikoje, mara nyingi utapata moja kati ya majibu mawili: "nzuri" au "inafundisha". La kwanza halina kitu. La pili ni baya zaidi, maana linasikika kama lina kitu. Karibu kila riwaya inafundisha. Hata ile uliyoitupa chini ya mto ulipofika ukurasa wa 40 ilikuwa inafundisha. Anayekuuliza ana shida moja tu: atoe hela yake na jioni zake nne kwa ajili ya kitabu hicho, au akanunue mchele?

Ugonjwa huu tumeutoa darasani. Swali la fasihi la kidato cha nne linataka vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kitabu, na basi. Tukazoea kusoma huku tunawinda dhamira: rushwa, ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke, umaskini. Dhamira ikishanaswa, kitabu tunakihesabu kimeisha hata kama zimebaki kurasa 150. Fani nayo tunaimaliza kwa kuokota methali tatu na tashibiha mbili. Vifaa vyenyewe havina ubaya. Kosa ni kuvitanguliza, kama mtu anayeonja mboga kwa kusoma bei yake.

Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kumi wakiulizwa, tisa watasema ni kuhusu malezi na ukali wa mzazi. Ni kweli, lakini hayo ungeyapata kwenye bango la ofisi ya ustawi wa jamii. Maoni yanaanza pale unapogusa jambo ambalo wasomaji wawili makini wanaweza kubishania. Mfano ni zile kurasa za mwisho, kesi inapohamia mbinguni na binti, Rosa, na baba yake, Zakaria, wanasimama mbele ya Mungu. Wapo wanaoona mwandishi amekimbia hadithi yake mwenyewe. Mimi naona hakuna baraza jingine ambalo binti wa Ukerewe wa miaka ile angeweza kusimama sawa na Zakaria, kwa hiyo mwandishi alilazimika kulijenga. Unaweza kunipinga, na kupingika huko ndiko kunakoyafanya yawe maoni.

Sasa kazi yenyewe. Shika penseli, usishike kalamu ya wino. Karatasi za riwaya zetu nyingi ni nyepesi na wino hutokea upande wa pili. Pembeni mwa ukurasa tumia alama tatu tu. Mstari wima kwa sentensi ambayo ungependa kumsomea mtu kwa sauti. Alama ya kuuliza kwa jambo ambalo hukuliamini. Nukta nzito kwa mahali ulipojikuta unaangalia zimebaki kurasa ngapi, au ulipochukua simu. Kitabu cha maktaba ya mkoa usikiandike hata kwa penseli. Kata vipande vya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, uviweke kati ya kurasa, na alama uichore kwenye kipande.

Kati ya hizo tatu, nukta ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo watu wanaona aibu kuiweka. Ukimaliza, rudi kwenye nukta zako. Zikiwa zimetawanyika, huenda ulikuwa umechoka tu. Zikiwa tano au sita ndani ya kurasa 30 zinazofuatana, hapo mwandishi ndiye aliyechoka. Zisome upya kurasa hizo taratibu, utafute kilichotokea. Mara nyingi ni moja ya haya: mhusika ameanza kuhutubia, mwandishi anaeleza kitu tulichokwisha kukiona, au kuna safari ndefu ambayo haibadilishi chochote.

Kuhusu kasi: msomaji wa kawaida humaliza kurasa 25 hadi 30 za riwaya ya Kiswahili kwa saa. Kitabu cha kurasa 250 kinakula saa tisa au kumi. Treni ya umeme ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma inakupa kama kurasa 90 usiposinzia. Basi la watumishi la kwenda Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, linakupa 12 asubuhi na 12 jioni, na hapo kuna mtego. Kurasa 50 za mwanzo zisisomwe kwa vipande. Ndipo majina yanapotambulishwa, sita au nane kwa mkupuo, na ukiyachukua kidogo kidogo kwa siku mbili tatu utachanganya shangazi na mke mwenza, kisha utamsingizia mwandishi kwamba hadithi haieleweki. Tenga jioni moja kwa hizo 50. Baada ya hapo, basi linatosha.

Wasomaji wa bara tuna kikwazo kingine kwenye riwaya za Zanzibar, nacho ni maneno. Utakutana na tungule badala ya nyanya, skuli badala ya shule, na mengine ambayo hata kwa kukisia huyapati. Usisimame kila neno, utauchosha mwendo. Ruhusu maneno matano kwa sura, yale yanayokuzuia kuelewa nani amefanya nini, uyatafute kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015. Mengine yatajieleza mbele ya safari. Na ukija kutoa maoni, usiseme "lugha ngumu". Lugha ngumu kwa nani? Kwa mtu wa Michenzani ni lugha ya kuombea chumvi.

Tuingie kwenye mandhari, maana hapa msomaji wa Dodoma ana nguvu ambayo mhariri wa Dar hana. Hadithi ikiletwa kwetu, ikague. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mhusika akinyeshewa mvua kubwa mwezi wa Julai, mtunzi hajawahi kukaa hapa Julai, wakati wa upepo wa baridi unaopeperusha vumbi na mifuko. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma katika hadithi ya mwaka 1995 hawezekani, kwa sababu chuo kilianzishwa 2007. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini wimbi la wizara kuhama kweli lilianza baada ya 2016. Riwaya inayoonyesha foleni ya magari ya mawaziri mwaka 1980 inaota ndoto. Treni ya umeme ilifika Dodoma 2024.

Je, kosa moja la namna hiyo linaua riwaya? Hapana. Moja lisamehe. Likiwa la pili na la tatu, na yote yanaangukia mahali ambapo mwandishi angeweza kumuuliza mtu yeyote stendi ya Nzuguni, jua kwamba mji wetu ni pazia tu la nyuma, umewekwa ili kuwe na ukame na ombaomba. Liseme hilo wazi, kwa kutaja ukurasa.

Upande wa mazungumzo kuna kipimo rahisi. Fungua mahali ambapo watu watatu wanazungumza, ziba majina kwa kidole, kisha soma maneno yao tu. Ukiweza kujua nani ni nani, mwandishi ana sikio. Ikiwa muuza mboga wa soko la Majengo, bibi wa Bahi na mkurugenzi wa wizara wote wanasema "kwa hakika jambo hili linatupasa kulitafakari", hapo anayezungumza ni mmoja tu, na anazungumza peke yake. Kipimo hiki kinashinda kurasa tatu za uchambuzi wa wahusika wakuu na wadogo.

Kwa tafsiri, gawa maoni mara mbili: hadithi ni ya mmoja, Kiswahili ni cha mwingine. *Peponi*, iliyotoka kwa Kiswahili 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Mwandishi ni mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya Fasihi 2021, na watu wengi walikinunua kwa ajili ya hiyo Nobeli. Ni kitabu cha taratibu. Anayekifuata kama riwaya ya upelelezi atajaza nukta. Kijana Yusuf anatolewa kwa mfanyabiashara kufidia deni la baba yake, kisha anaingizwa kwenye msafara wa kwenda bara. Mimi nakiweka juu sana kwa sababu ya hizo kurasa za msafara, na kwa sababu ambayo msomaji wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, anaipata haraka kuliko wengine. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapa, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa njia na kwa maji, enzi hizo hongo ikiwa ushuru kabla neno halijaharibika. Kitabu kinatuonyesha bara kwa macho ya wabeba mizigo na matajiri wao, pamoja na dharau yao yote kwa wenyeji. Ukikisoma ukiwa Dodoma, unajikuta umesimama upande wa pili wa mzigo, unawatazama wakija. Hayo ni maoni ambayo msomaji wa Nairobi hawezi kukuandikia.

Tunazo pia simulizi za kwenye simu, na kuzidharau ni unafiki, kwa sababu huenda ndizo zinazosomwa zaidi kuliko vyote nilivyotaja. Sehemu ya 1 bure, ya 2 bure, kuanzia ya 10 unatuma hela kwa namba ya mtunzi ndipo admini akuingize kwenye grupu. Zinahitaji kipimo chao. Usipime sehemu moja moja. Kila sehemu imetengenezwa ikatike pabaya, mlango unagongwa, bastola imetoka, "itaendelea". Pima mistari mitano ya kwanza ya sehemu inayofuata. Kama aliyegonga mlango ni jirani aliyekuja kuomba kiberiti, umechezewa. Mara moja ni utani. Mara tatu ndani ya sehemu kumi ni mtunzi asiye na hadithi, ana bando tu. Kipimo cha pili: chukua sehemu ya 5 na ya 25, angalia majina, umri na kazi za wahusika. Wengi wanaandika usiku na kupandisha asubuhi bila kurudi nyuma, na dada aliyekuwa nesi anageuka mwalimu bila taarifa. Na chombezo, yaani simulizi ya mahaba, liitwe chombezo. Kulilaumu kwa kukosa falsafa ni kumlaumu muuza karanga kwa kukosa pilau. Ila usisambaze pidiefu ya kitabu cha mtu halafu ukalalamika kwamba waandishi wetu hawaandiki sehemu ya pili.

Ukikaa kuandika maoni, sentensi nne zinatosha. Ya kwanza itaje kitabu, mwandishi na mwaka, na ni cha aina gani. Ya pili iseme kilichokushika, kwa kuonyesha mahali. Ya tatu iseme kilichokuangusha, na mahali. Ya nne imtaje msomaji anayefaa. Tazama tofauti. Mtu anaandika: "Vuta N'kuvute ni riwaya nzuri sana, inafundisha kuhusu mapenzi na ukombozi." Mwingine anaandika: "*Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, 1999, ni hadithi ya mapenzi iliyofungwa ndani ya siasa za Zanzibar ya mkoloni. Yasmin anapomtoroka Raza, mume aliyemzidi umri mno, kila hatua yake ina bei, na mwandishi hampunguzii hata senti. Denge na wenzake wanaponiingizia siasa, baadhi ya mazungumzo yananyooka mno, kama yaliyoandikwa kwa ajili ya mkutano. Mpe anayependa hadithi inayokwenda mbio lakini asiyeogopa kurudi nyuma kwenye historia." Huyu wa pili unaweza kumbishia. Ila hakikisha unabishia kitabu. Filamu ya 2021 ni kazi nyingine, na wanaotoa maoni ya kitabu kwa kutazama filamu hujulikana ndani ya dakika mbili.

Usimwage mtama. Unaruhusiwa kusimulia yaliyomo hadi theluthi ya kwanza ya kitabu. Kwa riwaya za upelelezi shuka zaidi: ukishamtaja maiti, nyamaza.

Mkitaka kufanya haya kwa kikundi, watu sita hadi wanane wanatosha. Nakala moja kwa watu wanane ni kifo cha kikundi, maana kila mtu akikaa nayo siku kumi mtakutana baada ya miezi karibu mitatu, na wa kwanza atakuwa amesahau hata mwisho. Changeni mnunue nakala tatu. Kwa zamu za siku kumi kumi, watu wanane wanamaliza ndani ya mwezi. Kaeni Jumamosi saa kumi jioni nyumbani kwa mmoja wenu, iwe Area D au Ipagala. Nyerere Square ni pazuri lakini kuanzia Juni upepo utawafungulia kurasa msizozitaka. Nusu saa ya kwanza neno "dhamira" ni marufuku, na kila mmoja anataja namba ya ukurasa mmoja tu na kuusoma. Walioshindwa kumaliza kitabu wazungumze mwanzo kabisa, kabla mashabiki hawajawatia aibu, wataje ukurasa walioishia na kilichowafanya wakifunge.