Maswali ya Wasomaji: Fedha za Umma kwa Wazee, Watu Wenye Ulemavu na Tiba Mtandao

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamuuguza mama yangu mwenye umri wa miaka 78, aliyepatwa na kiharusi, na ninaishi pia na mdogo wangu anayetumia kiti mwendo. Mama anayo kadi ya matibabu bila malipo, lakini mara nyingi tunaambiwa dawa za presha zimekwisha, tukanunue duka la nje. Sasa tumesikia kijijini kwamba zitatafutwa fedha za kufunga mfumo wa tiba mtandao, wa kuonana na daktari aliye mbali. Je, si afadhali fedha hizo wagawiwe wazee na watu wenye ulemavu?
Mama wa familia, Tukuyu, Rungwe

JIBU: Pole sana kwa uuguzi, dada yetu, na utufikishie shikamoo zetu kwa mama.

Kadi aliyonayo mama inatokana na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007, zinazotaka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila kulipa. Shida ni kwamba msamaha huo unamwondolea mzee malipo, lakini haukiletei kituo fedha za kufidia dawa aliyopewa. Mgonjwa anayelipa anaacha chochote cha kununulia dawa nyingine, na mwenye bima analipiwa na mfuko wake. Mzee mwenye kadi haachi kitu, kwa hiyo kituo chenye wazee wengi ndicho kinachowahi kuishiwa. Mfamasia anayemwelekeza mama duka la nje huenda hana kosa lolote. Kosa liko katika bajeti iliyotoa haki bila kuitengea fungu, na hapo ndipo sisi tungependa shilingi ya kwanza ya umma iende.

Kuhusu mdogo wako, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 3, kwa mfano, inapaswa kuwatengea watu wenye ulemavu milioni 60. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Hata hivyo, huo ni mkopo wa kuzalisha mali, unaorejeshwa. Haukuwekwa kwa ajili ya kumnunulia mtu kiti kipya au kumlipa anayemhudumia. Wazee nao hawana fungu lao katika asilimia hizo. Kaya maskini zinaweza kupata ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, lakini kigezo chake ni umaskini wa kaya, si umri wa mtu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, nasi wa Bara tunayo kila sababu ya kuendelea kuidai hapa kwetu.

Sasa tiba mtandao. Kutoka Tukuyu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni kilomita zipatazo 70, na mgonjwa wa kiharusi hapandi gari peke yake. Anahitaji mtu wa kumbeba, nauli ya wawili, chakula, na siku nzima ya msindikizaji kuacha shamba. Ikiwa daktari bingwa anaweza kumwona kwa picha na sauti mama aliyeko kituo cha jirani, akasoma vipimo vyake na kubadili dozi, familia imepunguziwa mzigo mkubwa. Kwa sababu hiyo hatukubali kwamba mfumo huo ni anasa. Lakini bingwa akiandika dawa ambayo haipo kabatini, au akishauri mazoezi ya viungo ambayo hakuna wa kuyasimamia nyumbani, fedha zitakuwa zimepotea. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, ndio unaoweza kuunganisha kioo cha kompyuta na kitanda cha mama.

Tunakushauri uulize mambo mawili kwenye mkutano mkuu wa kijiji: baada ya kufunga mfumo, nani atalipia intaneti, umeme na matengenezo kila mwaka, na je, fungu la dawa litabaki kama lilivyo? Tangu mwaka 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe wanaotoka kwenu. Waulizeni matumizi yake. Mdogo wako naye ajitokeze kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, ambayo imo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa.

SWALI: Nimechuma chai tangu ujana wangu. Kila penye mashine ya kusoma alama za vidole ninakataliwa. Nifanyeje?
Mzee, Mufindi

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Vidole vyako vimelika kwa kazi, wala hujakosea chochote. Omba wajaribu vidole vyote kumi, kwani aghalabu kidole cha pete au cha mwisho hakijachakaa kama cha gumba, na kabla ya kupima nawa mikono kwa maji ya vuguvugu, uifute vizuri. Ikishindikana, mwombe afisa mtendaji wa kijiji barua ya utambulisho, uipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mfumo unaonunuliwa kwa kodi na kumkataa mchuma chai haujakamilika, na mnunuzi wa serikali ana wajibu wa kuukataa mpaka urekebishwe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nimebuni programu ya kuwakumbusha wazee kumeza dawa. Fedha za umma ninazipata wapi?
Mbunifu, Iringa mjini

JIBU: Hongera, kijana. Anzia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inayosimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na ufuatilie matangazo ya MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019. Taarifa za afya ya mtu ni nyeti mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo andaa mapema namna ya kupata ridhaa ya mzee na kuzihifadhi taarifa zake.

Kabla ya kuomba fedha, nenda Kilolo au Ismani ukaketi na wazee watakaoitumia. Wengi wana simu ya kitochi ya familia nzima, wengine hawasomi, wengine masikio yamepungua nguvu. Programu inayohitaji simu janja haitawafikia hao. Ujumbe wa sauti kwa lugha wanayoielewa, au huduma ya kubonyeza nyota na reli, utawafikia. Na kwa kiziwi, sauti hiyo haina faida, kwa hiyo weka pia maandishi na picha. Yaandike hayo yote katika ombi lako, pamoja na gharama ya kila mwezi baada ya ruzuku kwisha na jina la kituo cha afya kilichokubali kuendelea nayo.